Mtoto Anaendesha: Namna ya Kumlisha Hatua kwa Hatua Mpaka Tumbo Litulie

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi 9 alipoanza kuendesha. Tulikuwa Tanga, msimu wa maembe, nzi wamejaa uani, na kila aliyeingia nyumbani alikuja na ushauri wake. Shangazi alisema nisimpe uji, tumbo lipumzike. Jirani akaleta glukosi ya unga. Niliwatii wote wawili. Kwa siku mbili mtoto aliishi kwa maji ya glukosi na chai ya rangi, na kila nikimweka ziwani nilimtoa upesi, maana niliambiwa maziwa ndiyo yanayomwendesha. Siku ya tatu alfajiri nilimvua nepi nikaikuta kavu kabisa. Nilipompapasa utosini, kidole kiliingia kwenye kishimo.

Muuguzi wa zahanati hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Mama, huyu mtoto amekula nini tangu juzi?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimelea wengine watatu, wangu na wa ndugu zangu, na wote wamewahi kuendesha. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyofundishwa kwenye benchi la zahanati ile, nikaja kuyafanya mwenyewe usiku na mchana. Kiini chake ni hiki: mtoto anayeharisha asinyimwe ziwa, asinyimwe maji, asinyimwe chakula. Wazo la kulipumzisha tumbo ndilo linalowadhoofisha watoto wetu. Ukuta wa ndani wa utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na chakula kinachopita humo ndicho kinachousaidia kujijenga. Mtoto akila, choo kinaweza kuonekana kingi kwa macho, lakini sehemu kubwa ya alichokula inaingia mwilini.

Kwanza, hakikisha kweli anaharisha

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu hupata choo laini, cha njano, wakati mwingine chenye punjepunje kama mbegu, na anaweza kupata mara nyingi kwa siku. Hicho ni choo chake cha kawaida. Kuharisha ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au mara nyingi kupita alivyozoea mtoto huyo, tena choo kikiwa kimebadilika. Wewe mama ndiye unayeijua kawaida yake. Ukiona imebadilika, iamini hiyo kuliko maneno ya mtu aliyemwona kwa dakika tano.

Na kucheua si kutapika. Mtoto anayerudisha maziwa kidogo baada ya kunyonya, kisha anacheka, hana ugonjwa wa tumbo.

Kabla hujashika sufuria, mkague

Mvue nguo, mweke mapajani penye mwanga. Tazama macho: yamezama? Papasa utosi, ikiwa bado haujafunga: umebonyea? Finya ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole viwili, katikati ya kitovu na ubavu, kisha achia. Ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Mtazame akilia kama machozi yanatoka, na ukumbuke alikojoa saa ngapi mara ya mwisho.

Nenda kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku, ukiona lolote katika haya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, ana degedege, choo kina damu, macho yamezama na ngozi inarudi polepole, au hajakojoa kwa saa 6. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeharisha mpeleke mapema, usingoje dalili hizi zitimie. Njiani endelea kumnyonyesha na kumnywesha kijiko kwa kijiko.

Kama hana hata moja, mtibu nyumbani kama ifuatavyo.

Hatua ya 1: Ziwa, na ziwa tena

Mtoto wa chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, mzima au mgonjwa. Anapoharisha mnyonyeshe mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, usiku na mchana. Mnyonyeshe upande mmoja mpaka aachie mwenyewe, kisha mpe wa pili. Akiwa mchovu hata hawezi kuvuta, kamua kwenye kikombe safi umpe kwa kijiko. Kitu pekee unachoongeza katika umri huu ni maji ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaokorogwa kwenye maji) na vidonge vya madini ya zinki. Usimpe maji matupu, uji mwepesi wala dawa za mchango za chupa.

Hapa lazima niliseme neno ambalo kina mama wengi wanalinong'ona. Mtoto akiharisha na kukonda, huku kwetu wapo watakaosema amebemendwa: kwamba mama ameshika mimba au amekutana na mwanamume huku ananyonyesha, na maziwa yameharibika. Nimewaona wasichana wakimwachisha mtoto ziwa kwa aibu ya neno hilo, wengine wakikaa ndani wasiende zahanati wasije wakaulizwa. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Mwenye mimba naye mara nyingi anaweza kuendelea kunyonyesha, na kama ana wasiwasi amuulize muuguzi wa kliniki. Mtoto anaharisha kwa sababu vimelea vimemwingia kinywani kupitia maji, mikono, chombo au chakula kilicholala. Ukimwondolea ziwa katikati ya ugonjwa unamwondolea maji, chakula na kinga kwa mara moja.

Anayetumia maziwa ya kopo aendelee nayo, yakorogwe kwa kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye kopo. Usiyapunguze nguvu kwa kuongeza maji. Chupa ya chuchu iweke kando kwa siku hizi, mpe kwa kikombe na kijiko. Chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha, na mara nyingi humo ndimo ugonjwa ulimotokea.

Hatua ya 2: Maji ya ORS

Nunua pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwenye duka la dawa, au upewe zahanati. Soma pakiti yako ni ya maji kiasi gani, maana zipo za lita 1 na zipo za nusu lita. Ya lita 1 ukiikoroga kwenye nusu lita, chumvi inamzidi mtoto. Ukiikoroga kwenye lita 2, haifanyi kazi.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, pima kwa chupa ya maji ya lita moja, mimina kwenye jagi safi lenye mfuniko, tia unga wote wa pakiti, koroga mpaka hakuna chembe chini. Onja. Ladha yake ifanane na machozi, isizidi hapo kwa chumvi. Usiongeze sukari, usikoroge kwa soda, juisi wala chai. Yakifika saa 24 yamwage, ukoroge mengine.

Kiasi: mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya kupata choo cha majimaji. Hiyo ni kama vijiko 10 hadi 20 vya chai. Wa zaidi ya miaka 2 apate mililita 100 hadi 200.

Sasa namna ya kumpa, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mtoto ana kiu, ukimpa kikombe anakifakamia, kisha anatapika chote, na wewe unasema "hawezi kunywa". Mpakate amekaa wima kidogo, kichwa kimeegemea mkono wako wa kushoto. Jaza kijiko cha chai, kiguse mdomo wa chini, subiri afungue mwenyewe. Mimina upande wa shavu la ndani, usimwage moja kwa moja kooni. Ameze. Hesabu taratibu, ngoja dakika moja au mbili, kisha kingine. Vijiko 10 vinaweza kukuchukua hata dakika 20, na mkono utakufa ganzi. Akitapika, simama dakika 10, anza tena polepole zaidi. Hata akitapika, kuna sehemu imebaki tumboni. Usiku nilikuwa naweka jagi kwenye kiti kando ya kitanda na taa ndogo, baba yake na mimi tunapokezana.

Naeleza kwa nini yanafanya kazi, ili usiyadharau kwa sababu ni ya bei ndogo. Utumbo unaoharisha unashindwa kunyonya maji yenyewe, lakini bado una mlango ambao chumvi na sukari huingia kwa pamoja, na zikiingia zinavuta maji nyuma yake. Inatakiwa vipimo vyake vilingane. Sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye soda, juisi za pakiti na yale maji ya glukosi niliyompa wangu, inavuta maji kutoka mwilini kurudi tumboni, na mtoto anaendesha zaidi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi za wakimbizi mpakani mwa India, na maji ya dripu yakaanza kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari kwa mdomo. Vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 mpaka chini ya 4. Waliokuwa wakinywesha ni mama na ndugu wa wagonjwa, wameketi chini na vikombe mikononi.

Ikitokea uko mbali na duka na hakuna pakiti, koroga lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha kwa kisu, visijae kilima. Chumvi ikikosewa ni hatari, kwa hiyo pima mara mbili, onja, na mtu atumwe kutafuta pakiti huku unaendelea. Madafu ni kinywaji kizuri kwa mtoto aliyeanza kula, lakini yana chumvi kidogo mno kushika nafasi ya ORS.

Hatua ya 3: Zinki, mpaka siku zitimie

Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, wa miezi 6 na kuendelea miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14. Vidonge vingi vya watoto ni vya miligramu 20, kwa hiyo mdogo anapata nusu. Weka kwenye kijiko, tia maziwa uliyokamua au maji safi kidogo, kitayeyuka chenyewe, umnyweshe. Zinki hufupisha kuharisha na kusaidia kuzuia kurudi kwake katika miezi inayofuata. Wengi tunaiacha siku ya tatu tukiona choo kimeshika. Weka alama kwenye kalenda.

Hatua ya 4: Chakula, kwa aliyefikisha miezi 6

Ukimpa ORS ya kutosha kwa saa chache, mara nyingi hamu inaanza kurudi. Hapo ndipo pa kuanzia. Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa 3 au 4, angalau mara 6 kwa siku. Vijiko vitatu vya chakula mara 6 vinakaa kuliko bakuli zima mara 2.

Chakula kiwe laini, cha moto kilichopikwa sasa hivi, alichokwisha kukizoea. Siku za ugonjwa si siku za kuanzisha chakula kipya. Ndizi mbivu iliyopondwa ni rafiki mkubwa, inarudisha madini ya potasiamu anayoyapoteza kwenye choo. Viazi mviringo vilivyopondwa, mtori mwepesi kwa walioko Kilimanjaro na Arusha, karoti iliyoiva ikalainika, samaki aliyechambuliwa miba yote, yai lililoiva kabisa, maziwa mtindi. Mtindi nausisitiza: mtoto ambaye maziwa fresh yanamjaza gesi mara nyingi huumudu, kwa kuwa sukari ya maziwa imekwisha kupungua katika kuchacha.

Mimi nategemea wali wa kuponda na kuku. Pima nusu kikombe cha mchele, uchague na kuuosha, utie vikombe 4 vya maji, uchemke moto mdogo mpaka punje zipasuke na maji yawe kama uji mzito. Ni dakika 40 hivi, na uongeze maji ukiona yanakauka. Pembeni chemsha kipande cha kidari cha kuku mpaka kichambuke kwa vidole. Kitwange kwenye kinu kidogo, kiwe nyuzinyuzi laini, ukichanganye na wali, ponda kwa mwiko, ongeza supu yake kidogo. Ukishapakua bakuli la mtoto, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, koroga. Mafuta hayo kidogo yanamwongezea nguvu bila kumjaza tumbo. Sitii chumvi wala viungo.

Kuhusu uji. Kosa letu kubwa ni kumpa mgonjwa uji mwepesi unaochuruzika, kikombe kizima cha maji ya rangi ya kahawia na unga kidogo. Anashiba dakika kumi, hakuna kilichoingia. Uji mzito una chakula, ila mtoto mgonjwa hawezi kuumeza. Dawa yake bibi zetu waliijua: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, usage. Pika uji mzito unaosimama kwenye mwiko. Uepue, uache upungue moto, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Utauona ukilegea mbele ya macho yako, kama vile umetiwa maji. Kimea kinavunja wanga, uji unakuwa mwepesi kumeza na chakula chote bado kimo ndani. Urudishe jikoni uchemke tena kwa dakika chache, maana ule unga ulikuwa mbichi. Siku uliyofanya hivyo mara ya kwanza hutarudi tena kwenye uji wa maji.

Uji wa lishe wenye mahindi, soya, karanga na kila kitu ndani, mimi huuacha kwanza mpaka tumbo litulie, ninarudi kwenye unga wa nafaka moja. Hilo ni uamuzi wangu tu. Kama mtoto wako anaunywa vizuri, mwache anywe.

Asali usimpe aliye chini ya mwaka 1 kwa hali yoyote, inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu inayolegeza misuli ya mtoto mdogo. Chai ya rangi haina chakula, na inazuia madini ya chuma. Chakula kilicholala kitupwe.

Akikataa kula

Atakataa, jiandae. Usimbane pua, usimlaze chali na kummiminia uji kwa mkono kama tulivyofanyiwa wengine wetu. Uji huo unaweza kupita njia ya hewa. Mfute uso, msafishe kinywa kwa kitambaa chenye maji safi, mnyonyeshe kidogo, kisha jaribu kijiko kimoja. Mkalishe karibu na mtoto mwingine anayekula. Akigeuza kichwa mara tatu, ngoja nusu saa. Anayekataa chakula lakini ananyonya na kunywa ORS bado yuko salama kwa siku moja. Anayekataa vyote vitatu apelekwe kituoni.

Mambo ya kukataa wewe

Usinunue dawa ya kufunga choo ya watu wazima. Inaweza kuufanya utumbo wa mtoto usimame. Usimpe antibiotiki iliyobaki kabatini wala Flagyl ya kubahatisha. Kuharisha kwingi kwa watoto kunatokana na virusi, na dawa hizo haziviui. Kwenye damu au kipindupindu mganga wa zahanati ataamua mwenyewe.

Na wakikuambia ni "meno ya plastiki", mkamate mwanao mkononi uondoke. Uvimbe mweupe kwenye ufizi ni meno ya utotoni yaliyo njiani kuota. Wanaoyang'oa kwa msumari au kisu wanaacha jeraha, damu na maambukizi kwa mtoto ambaye shida yake ilikuwa kukosa maji. Kuota meno pia si sababu ya kuharisha kwingi. Mtoto wa umri huo anaokota kila kitu na kukitia kinywani, ndiyo maana mambo haya mawili yanakutana.

Baada ya tumbo kutulia

Kwa kawaida kuharisha huisha ndani ya wiki 1. Kukifika siku 14, hata kama mtoto anacheza, anahitaji kupimwa.

Choo kikishashika, watu wanapumua na kusahau. Mtoto bado ana deni. Kwa wiki 2 mfululizo muongezee mlo mmoja kila siku juu ya anaokula kawaida, na umpe wakati ana njaa kweli. Wangu nilikuwa nampa saa nne asubuhi, akishaamka usingizi wa kwanza: nusu ndizi, mtindi, na kile kinachobaki cha wali wa kuku nilioupika asubuhi hiyohiyo.

Katika wiki hizo tazama pia ugonjwa ulipita wapi. Chemsha maji ya kunywa yatokote, yafunikwe. Nawa kwa sabuni ukitoka kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha, na vidole vyake vinawe pia. Kinyesi chake kitupwe chooni, si jalalani. Angalia kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya rota, ambayo Tanzania hutolewa wiki ya 6 na ya 10. Haizuii kila aina ya kuharisha, ila inapunguza sana ile inayolaza watoto hospitali.

Kisha mpeleke akapimwe uzito. Yule wangu wa Tanga alikuwa ameshuka gramu 700 tulipofika zahanati. Muuguzi aliweka nukta kwenye kadi, mstari ukainama. Nilirudi baada ya wiki 2, nikarudi tena mwezi uliofuata, na mara ile ya pili akanigeuzia kadi nione mwenyewe: nukta mpya ilikuwa juu ya ile ya kabla hajaugua.